Gauni la Kusikiliza

Mama mwingine akiletewa video ya harusi ya mwanawe huvuta kiti, akapangusa miwani, akalia kidogo pale panapostahili machozi. Mama Akiba aliletewa ya kwake akaisikiliza. Si kwamba alipenda iwe hivyo. Kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi tii, na ndani ya weusi huo zilitoka shangwe, kinanda, mtoto akidai maji, na mtu mmoja aliyekohoa mwanzo mpaka mwisho kama aliyepewa kazi hiyo kwenye ratiba.

"Picha iko wapi?" aliuliza.

"Inakuja," alisema Tabasamu.

Haikuja. Walisubiri dakika tano, wakasikia hotuba nzima ya mzee asiyejulikana ni nani, na kioo kikabaki vilevile.

Tabasamu ni mpiga picha wa chumba cha pili. Jina hilo alilipata kwa kuwa ndilo neno analomwambia kila anayekaa mbele ya kamera yake, hata wale wa picha za vitambulisho, ambao hawaruhusiwi kutabasamu. Yeye na Mama Akiba wamegawana ukuta mmoja wa mbao na fyuzi moja kwa miaka kumi na tisa. Mama Akiba akichomeka pasi, taa za Tabasamu hufifia. Tabasamu akiwasha taa zake kubwa, cherehani ya Mama Akiba huanza kushona kivivu. Wakikutana, pasi na taa kwa pamoja, fyuzi husema pa! na kila mmoja humsikia mwenzake akimtaja kwa sauti isiyo na mapenzi hata chembe. Ndiyo maana waliwekeana utaratibu: anayetaka umeme mwingi agonge ukuta mara mbili, na mwenzake akiwa hana neno agonge mara moja. Utaratibu huo umedumu kuliko ndoa nyingi za mtaa ule.

Jina la Mama Akiba nalo limetokana na kazi. Mafundi wengine huacha kitambaa kidogo tu ndani ya mshono, cha kutosha usifumuke. Yeye huacha vidole viwili kamili kila upande, na hapunguzi hata ukimlilia. "Mtu hubadilika," husema. Wateja humtania kwamba nguo zake zimebeba nguo nyingine tumboni. Kuna msichana aliwahi kumwambia, "Mama, hiki cha ndani nikikikata si napata na blauzi?" Mwaka uliofuata msichana huyo huyo akarudi na sketi isiyofunga, na Mama Akiba akafumua, akatanua, akashona upya bila kusema neno. Hilo la kutosema neno ndilo linalowauma zaidi. Na kwenye kila gauni la harusi, ndani ya akiba hiyo ya ubavuni, huficha sindano iliyokwisha kutiwa uzi, imefungwa kwenye kitambaa kidogo, kwa ajili ya dharura. Hajawahi kusikia bibi harusi aliyeitumia, lakini huweka.

Alifiwa na mumewe mapema, akabaki na cherehani moja na binti mmoja, vyote viwili vyenye kelele. Binti alikulia chini ya meza ya kukatia, kati ya vipande vya vitambaa na miguu ya wateja. Alipofika miaka kumi na moja alishona mto wake wa kwanza, na mshono ukaenda kama mlevi anayetafuta nyumba yake. Mama Akiba, ambaye siku hizo alikuwa na haraka ya kila kitu, aliufumua wote mbele ya wateja wawili akamrudishia. "Rudia." Binti akaiweka sindano mezani taratibu. "Mama, mimi na sindano basi. Maisha yangu yote."

Na alikuwa mtoto wa kushika neno lake. Vifungo vikimkatika alivaa sweta juu. Akasoma, akawa mtaalamu wa maabara, akapata kazi nchi ya mbali, kazi ya kutwa nzima kuwatoa watu damu. Mama Akiba aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe sindano hazikuwa na kosa, kosa lilikuwa la uzi.

Siku ya kuondoka, binti aliivua tepu ya kupimia shingoni mwa mama yake. Ilikuwa tepu ya manjano, kuukuu, namba zake zimefutika kwenye ncha. "Hii naenda nayo. Inanukia wewe."

"Inanukia chaki," alisema Mama Akiba, akageuka upande mwingine apange nyuzi ambazo tayari zilikuwa zimepangika. Kesho yake akanunua tepu mpya. Hapo ndipo balaa lilipoanzia, ingawa ilichukua miaka mitatu kubisha hodi.

Binti alipata mchumba, siku ikapangwa, na karatasi za safari za Mama Akiba zikawa bado "zinashughulikiwa". Alipoona zitashughulikiwa mpaka wajukuu, alisema, "Kama mimi siendi, mkono wangu utakwenda." Binti akasimama mbele ya kioo huko aliko, akajipima kwa ile tepu ya manjano, akasoma namba kwenye simu: kifua, kiuno, nyonga, urefu. Mama akaandika kwenye daftari. Kwa wiki tatu akashona satini nyeupe, mikono mirefu, vifungo ishirini na viwili mgongoni, kila kimoja kimevikwa kitambaa chake. Akalifunga, akalituma, akalala usingizi wa mtu aliyemaliza.

Kisha wateja wake wa zamani, wale ambao hakuwa amewapima kwa miaka, wakaanza kunenepa.

Wa kwanza alikuwa mwalimu mkuu, aliyetaka suruali kama ile aliyoshonewa zamani. Daftari lilisema kiuno chake ni inchi thelathini na sita, tepu mpya ikasema thelathini na saba na ushei. "Mwalimu, umenawiri," alisema Mama Akiba. Mwalimu akakasirika, kwa kuwa siku hizi alikuwa anakimbia kila asubuhi na mtaa mzima ulimwona. Wa pili alikuwa mwimbaji wa kwaya, naye ameongezeka vilevile. Wa tatu alikuwa muuza dawa, mama mmoja mwembamba aliyekuja na sketi ya zamani inayomvuka mwilini, apunguziwe. Tepu ikasema ameongezeka robo inchi.

Sketi inamvuka, na tepu inasema amenenepa. Mama Akiba aliomba radhi, akakaa juu ya marobota ya vitambaa, akahesabu kwa vidole. Tepu ya manjano alikuwa ameivuta kila siku kwa miaka ishirini na tano, na tepu ya kitambaa ikivutwa sana hurefuka. Inchi zake zilikuwa zimenyooka zikawa ndefu kuliko inchi za watu wengine. Alipokuwa akimpima mtu kwa tepu hiyo na kukata kitambaa kwa tepu hiyo hiyo, hakuna kilichoharibika, uongo ulikuwa mmoja pande zote mbili. Lakini safari hii mwili ulipimwa kwa tepu kongwe na satini ikakatwa kwa tepu mpya. Gauni la harusi la mwanawe wa pekee lilikuwa limepungua zaidi ya inchi moja kiunoni, na karibu inchi moja na nusu kwenye nyonga.

Akapiga simu papo hapo. Zilikuwa zimebaki siku tano.

"Mama, nimelijaribu, liko sawa," alisema binti.

"Halikubani?"

"Liko sawa, Mama. Utaona." Akacheka.

Angekuwa mtoto mwingine, Mama Akiba angepumua. Lakini huyu aliwahi kwenda shule muhula mzima na viatu vinavyombana, akachechemea, akiulizwa anasema ni mtindo. Tangu azaliwe hajawahi kukiri kwamba kitu kinambana. Na baada ya harusi ilipokuja picha moja kwenye simu ya Tabasamu, ikachapishwa kubwa, bibi harusi alikuwa ameshika shada la maua mbele ya tumbo, kubwa kama kikapu. Watu wote walisifu maua. Fundi wa nguo akiona mtu ameficha kiuno hasifu maua. Bibi na bwana harusi wakaenda mapumzikoni milimani kwa siku kumi, mahali ambako simu haishiki, na Mama Akiba akabaki na maua yale ukutani.

Kisha akaja kwa likizo nesi mmoja anayefanya kazi na binti huko mbali, kaleta flashi na salamu. "Bibi harusi amesema uangalie vizuri dakika ya kumi na nane." Nesi mwenyewe hakuhudhuria, alikuwa zamu. Simu ya Mama Akiba ni ya vibonyezo, na ya Tabasamu imejaa mpaka haipokei tena hata ujumbe wa pole. Ikabaki kompyuta.

Hivyo ndivyo walivyofika kwenye weusi ule. Dakika ya kumi na nane ilipofika, Mama Akiba aliinamia spika. Kinanda kilikuwa kinapiga polepole. Kitu kikaanguka. Halafu ikasikika: kraaa!

Mtu akasema, "Mungu wangu!" Ukumbi ukaangua kicheko, na katikati ya kicheko sauti ya binti yake ikapaa: "Mtu yeyote asisogee!"

"Hicho ni kiti," alisema Tabasamu haraka.

"Hicho ni mshono," alisema Mama Akiba. Spika zile zilifanya kila kitu kilie kama bati, asingeweza kuapa ni kitambaa gani. Lakini mkasi una mlio wake, na kuchana kwa mkono kuna mlio wake, na mshono uliozidiwa na mwili una mlio ambao fundi huusikia ndotoni. Akarudi chumbani kwake, akatia mkasi wake mkubwa kwenye droo, akaifunga. Kama ni gauni lililochanika mbele za watu, siku moja tu katika maisha ya mwanawe, kwa kosa lake yeye, basi mkasi ule usingetoka tena. Hakumwambia mtu. Wateja waliofika aliwaambia anapumzika, na wao wakadhani anaumwa, kwa sababu hawajawahi kumsikia akitumia neno hilo.

Tabasamu alilichukulia jambo lile kama tusi. Mpiga picha mzima, kwenye chumba chake mwenyewe, kakosa picha! Alichomoa waya wa kioo akaurudisha. Akaongeza mwanga mpaka weusi ukawa kijivu. Akafuta kioo kwa spiriti. Akazima kompyuta, akaiwasha, akaizima tena kwa msisitizo. Akaipuliza flashi kama anayepuliza uji.

"Ina vumbi."

"Vumbi linachagua? Mbona sauti inapita?" aliuliza Mama Akiba, aliyerudi kuona amefikia wapi.

"Basi walisahau kufungua kifuniko cha kamera."

"Dakika hamsini?"

"Watu wakiwa harusini hawana akili, dada yangu. Mimi nawajua."

Mama Akiba alivuta kiti, maana aliona akimwachia kazi hii watafika mwaka mpya. "Weka video nyingine. Yoyote."

Akaweka ya mahafali ya mpwa wake. Picha ikatokea, sauti ikatokea, mpwa akatokea akipokea cheti huku kofia imemfunika jicho.

"Kioo kizima," alisema Mama Akiba. "Waya mzima. Kompyuta nzima. Sasa nikuulize. Cherehani yangu ikishona pamba vizuri halafu ikakataa hariri, mimi huwa naifungua mashine?"

"Sijui."

"Siifungui. Nabadilisha sindano. Sindano ya kompyuta ni ipi?"

Tabasamu alikuna kichwa. Hakujua, na hakuwa mtu wa kusema hajui. Akafungua tena video ya harusi, na kama kawaida kijisanduku chenye maandishi madogo kikaruka pembeni ya kioo, naye kama kawaida akakifunga kabla hakijatulia.

"Hicho nini?"

"Hicho huwa kinatokea tu."

"Umekisoma?"

"Vitu hivi ukivisoma vyote utafanya kazi saa ngapi?"

"Kisome."

Akakisoma. Kilisema, kwa adabu kabisa, kwamba programu hii haina kifunguzi cha aina hii ya picha. Kilikuwa kimesema hivyo tangu asubuhi, kila walipofungua. Mama Akiba alimtazama Tabasamu kwa muda, hasemi neno, kama anavyowafanyia wenye sketi zisizofunga.

Ikabidi apigiwe shemeji. Shemeji huyu ni dada wa mke wa Tabasamu, anafundisha kompyuta chuoni katika mji mwingine, na walikuwa hawajazungumza miezi minne, tangu Tabasamu ampige picha ya kitambulisho cha kazi akiwa amefumba macho na kumwambia hakuna atakayegundua.

"Nani?" ilisema simu.

"Mimi shemeji yako. Habari za siku nyingi?"

"Za macho kufumba. Unataka nini?"

Akaeleza. Shemeji akauliza swali moja tu. "Sauti inasikika vizuri?"

"Vizuri kabisa. Mpaka kikohozi."

"Basi video yenu haijaharibika, msiiguse. Sikiliza, shemeji. Video ni kifurushi kimoja chenye vitu viwili ndani, sauti na picha, na kila kimoja kimekunjwa kivyake. Sauti imekunjwa kwa mtindo wa zamani, kila programu inaujua. Picha imekunjwa kwa mtindo mpya, simu hizi mpya zinaibana sana ili isichukue nafasi. Programu yako haijui kuikunjua. Kwa hiyo inakupa inachokiweza."

Mama Akiba aliichukua simu. "Mwalimu, yaani picha imo? Imekunjwa tu?"

"Imo yote, mama. Haijapotea hata kidogo."

"Ahsante, mwanangu," alisema Mama Akiba. Habari ya kitu kilichokunjwa ndani, kinachongoja wa kukikunjua, haikuhitaji kurudiwa mara mbili mbele yake.

Shemeji akawaelekeza programu nyingine ya bure, inayokuja na vifunguzi vyake vyote. Mtandao ukaivuta kwa kusuasua mpaka mchana. Wakaifungua, wakashika pumzi, na kweli weusi ukaondoka. Ikaja kofia. Kofia ya mama mmoja aliyekaa mbele, ya zambarau, ikaganda hapo kwa dakika nzima wakati sauti ikiendelea na mambo yake. Halafu vikaja viraka vya rangi, halafu bega la mtu, halafu kofia tena. Kompyuta ilikuwa ikihema kama imepanda ngazi.

"Imechoka, haiwezi kukunjua kwa kasi hiyo," alisema shemeji kwenye simu. "Igeuze. Hiyo programu ina sehemu ya kubadilisha video nzima iwe ya mtindo wa zamani. Bonyeza, iache. Itachukua saa nne au tano. Na nakuomba, shemeji, umeme usikatike."

Wakabonyeza. Namba zikaanza kupanda kwenye kona: asilimia moja, asilimia mbili. Tabasamu akazima taa zake zote na kumfukuza mteja aliyetaka picha. Mama Akiba akarudi kwake akakaa mbele ya cherehani, mikono mapajani.

Mikono ile haikuwahi kukaa mapajani mchana wa siku ya kazi. Ilijikuna, ikapanga vifungo kwa ukubwa, kisha ikavipanga kwa rangi. Kichwani mlikuwa na kraaa moja tu, ikirudi na kurudi. Saa ya nne ya kungoja ilipokuwa inayoyoma, mikono iliona sare ya shule iliyokunjamana juu ya meza, na bila kumwuliza mwenyewe ikaitandaza, ikanyunyiza maji, ikachomeka pasi.

Pa!

Upande wa pili wa ukuta kiti kilianguka. Kisha, "Mama Akiba!"

Alikwenda mpaka mlangoni mwa Tabasamu na pasi mkononi, waya unaburuta. Miaka kumi na tisa hakuwahi kuichomeka bila kugonga. "Ilifika ngapi?"

"Themanini na tisa."

"Nipige."

Tabasamu alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Alimtazama jirani yake, akaitazama pasi ile mkononi mwake, na maneno yote aliyokuwa ameyaandaa yakamwisha. "Tabasamu tu," alisema. "Kesho tunaanza upya."

Kesho yake asubuhi, kabla hawajabonyeza, Mama Akiba aliiweka pasi juu ya meza ya Tabasamu mwenyewe. "Ikae kwako. Mimi siaminiki." Safari hii hakurudi chumbani. Alikaa palepale akihesabu namba, na ilipotimia mia moja ilikuwa saa nane mchana na wote wawili walikuwa hawajala.

Picha ikatokea, safi, na watu wakatembea kama watu. Bibi harusi akaingia dakika ya nne. Mama Akiba anaona aibu kusema, lakini alichotazama kwanza ni kiuno. Alitazama kiuno, akatazama nyonga, akatazama mabega, akatazama tena kiuno. Limekaa. Halikuvuta, halikukunjamana, halikupanda juu. Ndipo akakumbuka kutazama uso, na alikuwa mwanawe, amependeza mno, akamwona na machozi yakamtoka.

"Si nilikuambia?" alisema Tabasamu, ambaye hakuwa amesema lolote.

"Haiwezekani," alisema Mama Akiba. "Inchi moja na nusu, Tabasamu. Haiwezekani."

Ikafika dakika ya kumi na nane. Shada la maua likamponyoka bibi harusi. Bwana harusi, kijana mnene mwenye adabu nyingi, akainama kumwokotea. Kraaa! Suruali yake ikaachia nyuma, kuanzia mkandani hadi pasipotajika. "Mungu wangu!" alisema mama mwenye kofia ya zambarau. Bwana harusi akaruka akauegemeza mgongo ukutani, shada la maua usoni, na ukumbi ukavunjika mbavu. Bibi harusi akainua mkono. "Mtu yeyote asisogee!" Akaingiza vidole chini ya kwapa lake, ndani ya mshono wa gauni, akachomoa kitambaa kidogo, na kutoka kwenye kitambaa akachomoa sindano yenye uzi.

Tabasamu alipiga meza kwa kicheko mpaka pasi ikaanguka. Mama Akiba alicheka akiwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, akicheka na kulia. Hakuwa yeye. Ilikuwa suruali, suruali ya fundi mwingine, asiyeacha akiba! Huko kwenye kioo mwanawe alipiga magoti chini, akamgeuza mumewe, akaanza kumshona palepale amesimama, huku akimwambia atulie asije akashonwa yeye.

Amepiga magoti. Na gauni halikulalamika.

"Simamisha," alisema Mama Akiba ghafla. "Rudisha nyuma. Pale alipoinua mkono. Hapo. Kuza ubavuni."

Kukuza picha Tabasamu anakujua. Ubavu wa gauni ukajaza kioo kizima, kuanzia kwapani hadi kwenye nyonga. Mshono wa ubavuni haukuwa wa cherehani. Ulikuwa wa mkono, kwa uzi mweupe usiolingana na satini, hatua moja ndefu na nyingine fupi, ukapanda, ukashuka, ukapotea njia, ukarudi. Ulikwenda kama mlevi anayetafuta nyumba yake. Vidole viwili vilivyokuwa vimefichwa kila upande vilikuwa vimefunguliwa kiasi cha kiuno na nyonga kupumua.

Tabasamu alisogeza miwani. "Aliyerekebisha hapa hajui kazi."

"Mwombe radhi fundi huyo," alisema Mama Akiba.

Alisogeza kiti karibu, akaufuata mshono ule kwa kidole juu ya kioo. Tabasamu, aliyemjua kwa miaka kumi na tisa kupitia ukuta, aliondoka akaenda kuulizia chai ambayo hakuitaka. Aliporudi alimkuta amekwisha kujifuta uso na kukaa wima.

"Sasa nikuchapie ipi?" aliuliza. "Ile anayoingia? Uso umetoka vizuri, anatabasamu."

"Hii."

"Hii? Mshono tu? Hata uso haumo!"

"Uso naujua."

Akaichapa kubwa. Mama Akiba aliichukua pamoja na pasi yake, akaenda kuitundika juu ya cherehani, mahali palipokuwa na yale maua. Kisha alifungua droo, akatoa mkasi, akatandaza kitambaa cha suruali ya mwalimu mkuu. Saa moja baadaye Tabasamu alisikia ukuta ukigongwa mara mbili. Akagonga mara moja.

Binti alipiga simu aliposhuka milimani na kufika mahali penye mtandao. "Mama, umeona?"

"Nimeona."

"Nililia, Mama. Usiku wa siku tatu nashona, najichoma vidole, natukana. Najua umepinda. Nikija nalo utaufumua?"

Mama Akiba alitazama juu ya cherehani.

"Umepinda kweli," alisema hatimaye. "Na ole wake atakayeugusa."